Ofisi Iliyoingia Mfukoni: Kibaha, Kisarawe na Historia ya Zana za Karani

Duka lile la steshenari pale Maili Moja, Kibaha, lina kompyuta mbili, mashine moja ya kutolea nakala na benchi la kusubiria. Mwanafunzi wangu alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya pili, ripoti yake ya utafiti ikiwa imekataa kuhaririwa, kwa kuwa programu ya ofisi iliyokuwamo ilikuwa imetoa utepe wa kudai leseni na kuzima vitufe vyake karibu vyote. Mwenye duka aliinua mabega tu. Fundi aliyeiweka programu hiyo kwa ufunguo wa kuazima alikuwa hapatikani simuni tangu juma lililopita. Kijana hakubishana. Alichomeka flashi yake, akaingia kwenye folda moja, akabofya mara mbili, akasubiri kwa muda ulionitosha mimi kusoma bei zote zilizobandikwa ukutani, kisha ukurasa wake ukafunguka ndani ya programu nyingine kabisa.

"Mdogo wangu, hiyo umeiingiza saa ngapi kwenye mashine yangu?" aliuliza mwenye duka, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuletewa virusi.

"Sijaiingiza, dada. Iko humu humu kwenye flashi. Nikiichomoa, nimeondoka nayo."

Wapo watakaoliona jibu hilo kuwa ni la kifundi. Mimi nililisikia kama jibu la swali la kihistoria ambalo watawala na watawaliwa wa pwani hii wamekuwa wakivutana juu yake kwa zaidi ya karne: ofisi ni mali ya nani? Je, ni ya jengo, ya mashine, ya mwenye leseni, au ya yule anayeandika?

Tuanze na boma. Uzaramo, ambayo Kisarawe imekuwa kitovu chake cha utawala kwa muda mrefu, ni miongoni mwa sehemu za bara zilizoujua mapema utawala wa karatasi, kwa sababu ya ujirani wake na Dar es Salaam. Wajerumani waliwatumia maakida na majumbe, na waliona haraka kwamba hawawezi kutawala kwa Kijerumani. Wakakichukua Kiswahili, wakakivua hati ya Kiarabu na kukivika ya Kilatini, wakakifanya lugha ya barua za serikali za ngazi ya chini. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi. Lakini matokeo yake ni kwamba karani wa kwanza wa kisasa katika nchi hii alikuwa karani wa Kiswahili. Waingereza walipoingia waliigawa ofisi ghorofa mbili: chini Kiswahili, juu Kiingereza. Barua ya jumbe ilipanda ngazi kwa lugha moja na amri ikashuka kwa nyingine, na katikati alikaa mkalimani ambaye mara nyingi alijua zaidi ya wote wawili.

Mgawanyo huo ulipigwa rasmi Januari 1967, pale Makamu wa Pili wa Rais, Rashidi Kawawa, alipotangaza kwamba shughuli zote za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo Bunge likalizaa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA. Kizazi cha watumishi wa umma kilichoajiriwa baada ya hapo kilikulia katika msamiati ambao leo tunauona wa kawaida: masjala, jalada, mhuri, waraka, muhtasari, dokezo. Na hapa naomba msomaji asimame kidogo na kuiangalia mashine ya chapa, taipureta, iliyokuwa juu ya meza ya karani huyo. Mashine ile haikuwa na lugha. Iwe Remington au Olivetti, ilipokea herufi za Kilatini na kuzigonga kwenye utepe bila kuuliza mwandishi anasema nini. Karani wa Maneromango aliyejua Kiswahili peke yake aliweza kuitawala yote, kuanzia kitufe cha kwanza hadi cha mwisho. Haikuwa na leseni iliyokwisha muda, wala haikumfungia mtu nyaraka zake mwenyewe. Iliharibika, naam, lakini iliharibika hadharani, na fundi aliweza kuona kilichovunjika.

Kompyuta ndiyo zana ya kwanza ya ofisi iliyosema, na iliposema ilisema Kiingereza.

Tanzania iliipokea kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini bila kibali maalumu, baada ya mfumo wa hesabu za Hazina kuleta mtafaruku badala ya nafuu. Marufuku hayo yalilegezwa polepole, na hadi miaka ya 1990 kivuli chake kilikuwa bado hakijaondoka. Wasomi wetu wamezoea kuyacheka, kama kielelezo cha nchi iliyoogopa kesho. Mimi siyacheki sana. Hazina ilikuwa imenunua mashine ambayo wataalamu wake, lugha yake na vipuri vyake vyote vilikuwa ng'ambo, na iliposhindwa kufanya kazi hapakuwa na mtu wa ndani wa kuifungua na kuona kilichomo. Serikali ilitambua tatizo kwa usahihi na kuchagua dawa mbaya. Badala ya kuwafundisha watu kuifungua mashine, iliifukuza. Ilipokuja kurejea, ilirejea na tatizo lile lile ndani yake, safari hii likiwa limefungwa kwenye kasha zuri zaidi.

Mwaka 2003 tukapata Sera ya Taifa ya TEHAMA. Kufikia hapo duka la steshenari lilikwisha kuzaliwa, na ndani yake uchumi mzima wa programu za kunakili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwa tayari inazilinda programu za kompyuta sawa na vitabu, lakini nani aliisoma? Ukweli ambao sisi walimu tunauonea haya ni kwamba shahada nyingi za nchi hii zimeandikwa kwa programu za wizi. Mwanafunzi hana fedha za leseni, mwenye duka hana, na mara nyingine taasisi nayo haina. Wote tunaishi kwa huruma ya fundi mwenye ufunguo.

Wakati huo huo, mbali sana na Maili Moja, historia nyingine ilikuwa ikijengeka. Kijana wa Kijerumani, Marco Börries, alianzisha kampuni ya StarDivision mwaka 1985 katika mji wa Lüneburg, akitengeneza programu ya kuandikia iliyokua hadi kuwa ofisi kamili iitwayo StarOffice. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, iliinunua. Oktoba 2000 Sun ikafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi waliliona ni wazimu: iliweka wazi msimbo wake wote, mtu yeyote ausome, aubadilishe na kuugawa. Ndipo ikazaliwa OpenOffice.org, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2002. Sun haikuwa na huruma ya kitakatifu. Ilikuwa na mpinzani, Microsoft, na ilitaka kumpunguzia mapato. Lakini fahali wawili walipopigana, safari hii nyasi zilipata kitu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikiona kitu hicho. Idara yake ya Sayansi ya Kompyuta, ikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, iliendesha mradi ulioitwa Kilinux, wenye lengo la kuiswahilisha programu huria. Desemba 2004 mradi huo ulitoa ofisi kamili kwa Kiswahili: sehemu ya kuandikia, lahajedwali, wasilisho, michoro. Waliipa jina Jambo OpenOffice. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza mpango wake wa kuleta programu zake kwa Kiswahili, na sidhani kama yalikuwa ya bahati tu.

Ukubwa wa kazi ile haujaheshimiwa inavyostahili. Kuswahilisha programu ya ofisi ni kutafsiri maelfu ya vipande vidogo visivyo na muktadha: neno moja la kitufe, onyo la maneno sita, jina la kivuli cha jedwali. Mtafsiri wa riwaya anajua nani anasema na nani. Mtafsiri wa menyu hajui. Aamue kama kitenzi ni amri au nomino, kama "fungua" ya faili ni sawa na "fungua" ya dirisha, na kama akichagua "tarakilishi" atawapoteza Watanzania au akichagua "kompyuta" atalaumiwa na wapenda asili. Kazi kama hiyo, katika karatasi, BAKITA na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walikuwa wakiifanya kwa miaka mingi kupitia orodha za istilahi. Tofauti ni kwamba orodha ya istilahi inaweza kulala kabatini bila aibu. Kitufe kibaya kinamuumiza mtu kila siku.

Mtu wa Kibaha hakushangazwa na ushirika huo wa Waswidi. Eneo la Kibaha tunalolijua leo, ukiacha barabara ya Morogoro na mabasi yake, limejengwa kuzunguka mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963: shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, vyote katika eneo moja. Januari 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Tanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Linganisha makabidhiano hayo mawili. Mwaka 1970 tulipokea majengo, mashamba, maktaba na bajeti, na kukawa na shirika la umma lenye jina, mkurugenzi na fungu la fedha. Ndiyo maana vipo hadi leo. Mwaka 2004 tulipokea programu iliyozungumza lugha yetu, wala hatukuipa mwenyewe. Haikuingizwa kwenye mitihani. Haikuagizwa katika halmashauri. Vyuo vyetu viliendelea kutangaza kozi za kompyuta kwa kutaja bidhaa za kampuni moja, kana kwamba mtu anafundishwa kuendesha Toyota badala ya kuendesha gari. Mfadhili wa mradi wa programu akiondoka, hapabaki hata mabati ya kumkumbusha mtu kwamba palikuwa na jengo.

Palikuwa pia na kikwazo cha kimwili ambacho wanahistoria wa fikra hupenda kukiruka. Programu ile ilipaswa kusakinishwa. Kabla mkongo wa baharini wa SEACOM haujatua Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya nchi ilitegemea satelaiti ghali au laini ya simu. Faili la megabaiti 70 kwa laini ya kilobiti 56 kwa sekunde lilihitaji karibu saa tatu, hapo laini isikatike hata mara moja, na laini zetu zilikatika. Ukilipata kwa diski, ulihitaji nywila ya msimamizi wa kompyuta. Katika maabara za vyuo nywila hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa semina. Katika ofisi za umma ilikuwa ya idara nyingine. Katika steshenari ilikuwa ya fundi yule yule asiyepatikana. Kwa hiyo uhuru wa programu ulikuwapo kisheria, nao ukakwama mlangoni kwa kukosa ruhusa ya kuingia.

Mlango huo ulizungukwa na kitu kidogo kuliko kidole. Flashi za kwanza ziliingia sokoni mwaka 2000 zikiwa na megabaiti 8 tu, zisizotosha hata picha chache za simu ya leo. Kadiri zilivyokua, Mmarekani John T. Haller alianza mwaka 2004 kutengeneza namna ya kuifanya programu huria iendeshwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi, akianza na kivinjari cha Firefox. Kazi yake ikawa mkusanyiko wa PortableApps.com, ambamo OpenOffice iliingia, na baadaye mrithi wake LibreOffice, iliyozaliwa Septemba 2010 baada ya Oracle kuinunua Sun na watengenezaji wengi kuukosa imani uongozi mpya.

Namna inavyofanya kazi si uchawi. Programu ya kawaida ya Windows ikisakinishwa hutawanya vitu vyake: sehemu kwenye folda ya programu, sehemu kwenye folda ya mtumiaji, sehemu kwenye rejista ya mfumo, na ndiyo maana mfumo hudai kibali cha msimamizi. Programu ya kubebeka imefungwa yote ndani ya folda moja. Kianzishi chake huiambia kwamba mipangilio yake, kamusi zake na kumbukumbu zake za muda zimo humo humo, kisha huiendesha. Ukiifunga na kuitoa flashi kwa utaratibu, kompyuta ya mwenyewe hubaki karibu kama ulivyoikuta. Unapakua faili la LibreOffice Portable mara moja, mahali penye intaneti nzuri. Unalifungua na kulielekeza kwenye flashi. Linajifungua lenyewe hapo. Hutolewa katika toleo la lugha chache na toleo la lugha zote, na anayetaka Kiswahili achukue la pili, kisha aingie kwenye mipangilio ya lugha na kukichagua. Linachukua mamia ya megabaiti, kwa hiyo flashi ya gigabaiti 8 itabaki na nafasi ya kutosha kwa tasnifu na hata kwa miziki. Leseni yake inaruhusu kulinakili na kumpa jirani, bila ufunguo, bila fundi, bila dhambi.

Sitaki kuuza dawa bila kutaja madhara yake. Kwenye milango ya zamani ya USB programu hii huanza polepole, na mtu mwenye haraka huidhania imekufa. Flashi hupotea, na flashi ndiyo punda mkuu wa virusi katika nchi hii, vile vinavyoficha mafolda na kukuachia njia za mkato zisizofunguka. Mimi mwenyewe, katika chuo kimoja nisichokitaja, niliwahi kuchomoa flashi kwa haraka huku programu ikiwa bado inahifadhi, nikapoteza sura nzima ya mswada. Sikuwa na wa kumlaumu. Tangu siku hiyo naweka nakala mbili, na nahariri faili lililo kwenye kompyuta kisha nalirudisha.

Tatizo jingine ni la miundo ya mafaili. Waraka uliotengenezwa kwa Word ukifunguliwa na LibreOffice mara nyingi huja salama, lakini majedwali huweza kusogea na vichwa vya kurasa kupinda. LibreOffice huja na fonti za Liberation, zilizochongwa ili herufi zake zichukue upana sawa na za Times New Roman na Arial, kwa hiyo mistari haivunjiki ovyo. Muundo wake wa asili, ODF, ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na maelezo yake yako wazi kwa yeyote atakayetaka kutengeneza programu ya kuusoma hata miaka hamsini ijayo. Ushauri wangu kwa wanafunzi: hifadhi kazi yako kwa ODF, mtumie msimamizi wako nakala ya Word kwa kuwa ndivyo anavyotaka, na ya mwisho kabisa iwe PDF, ambayo programu hii huitoa yenyewe.

Kwa watumishi wa umma nina neno la tahadhari. Kompyuta ya serikali ina mwenyewe na ina taratibu zake, na uwezo wa kuendesha programu bila ruhusa ya msimamizi haukufanyi uwe na ruhusa. Tuna Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Jalada la mgonjwa au la mtumishi halipaswi kuzunguka kwenye mfuko wa suruali. Mwenye hoja ya kutumia programu huria ofisini kwake aipeleke kwa dokezo, kwa mkuu wake, ipate namba ya jalada. Wenzetu wameifanyia siasa ya wazi: jiji la Munich liliamua katika mwanzo wa miaka ya 2000 kuhamia mifumo huria, mwaka 2017 baraza lake likapiga kura ya kurudi Windows, na mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, katika Ujerumani hiyo hiyo, likatangaza kuzihamishia LibreOffice kompyuta zake zipatazo 30,000. Walibishana mbele ya wapiga kura wao. Sisi hatujawahi kubishana. Tunanunua tu, au tunaiba.

Sasa niende Kisarawe, ambako ndiko hasa jambo hili linakouma.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, kampuni ya Kiingereza ya Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 katika ardhi ya vijiji kadhaa vya wilaya hiyo ili kupanda mibono kaburi, mmea wa mafuta ambao wakati huo ulisifiwa duniani kote. Mwaka 2011 shughuli zilisimama. Wafanyakazi wakaachishwa kazi, nao wanavijiji wakabaki wakiuliza kuhusu fidia, visima, barabara na zahanati walizosema waliahidiwa, na kuhusu ardhi ambayo haikuwa tena yao. Katika malalamiko yaliyosikika kwa miaka iliyofuata, moja lilijirudia: ahadi nyingi zilitolewa kwa mdomo, na karatasi zilizokuwapo hazikuwa mikononi mwao.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaupa mkutano mkuu wa kijiji sauti juu ya ardhi yake. Lakini sauti ya mkutano, mbele ya wakili, ni muhtasari wake. Nani aliuandika? Kwa lugha gani? Nakala iko wapi? Mkataba wa ardhi unapoandaliwa mjini kwa Kiingereza cha mawakili na muhtasari wa kijiji ukabaki kwenye daftari moja lenye unyevu, tumeirudisha ile ofisi ya ghorofa mbili ambayo tangazo la mwaka 1967 lilikusudia kuibomoa.

Nilikutana na mtendaji mmoja wa kijiji kwenye barabara ya Maneromango, mtu wa makamo, aliyekuwa na daftari kama hilo. Hakuwa na kompyuta. Kompyuta aliyoifikia ilikuwa ya shule ya sekondari, kwa hisani ya mwalimu, siku ambazo umeme ulikuwapo, na haikumruhusu kuongeza chochote ndani yake. Mwanafunzi wangu, yule wa Maili Moja, alimpa flashi. Juma zima la jioni walinakili mihtasari ya miaka kadhaa: tarehe, mahudhurio, hoja, maazimio, majina ya waliopinga. Mtendaji alitaka kila azimio lianze kwa namba yake kama alivyofundishwa zamani na karani wa tarafa, naye alikasirika programu ilipojitia kujua na kumpangia namba zake yenyewe, hadi tulipokizima kipengele hicho. Mzee mmoja wa baraza la ardhi la kijiji alikuja kutazama. Aliuliza swali moja tu.

"Mwalimu, hii wakitaka kuifunga kule Dar, wanaweza?"

Nilimjibu kwamba hawawezi. Ipo humu, na mtu yeyote mwenye kompyuta ya kawaida ataifungua. Nilimweleza pia kwamba flashi inaweza kuungua au kuibwa, hivyo wachape nakala, zigongwe mhuri na kusainiwa, moja ibaki kijijini, moja iende kata na moja wilayani, kwa kuwa mahakama bado inaiamini karatasi yenye mhuri kuliko kitu kingine chochote. Mzee alitikisa kichwa polepole, akasema basi flashi ni ghala na karatasi ni chakula cha leo. Sikuwa na la kuongeza.

Kiswahili kilichomo kwenye programu hiyo leo ni urithi wa wale wa Kilinux, kikiwa na alama yake ya kimataifa, sw-TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Kimechakaa. Vipengele vingi vilivyoongezwa baadaye havijatafsiriwa, kwa hiyo menyu moja huanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kiingereza, kama mazungumzo ya wabunge wetu. Kazi ya kutafsiri hufanyika wazi, kwa kujitolea, na mlango wake haujafungwa. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu huzalisha kila mwaka tasnifu kuhusu nadharia za tafsiri, nyingi zikijadili tafsiri za watu wengine. Sijui kwa nini mwanafunzi asipewe menyu mia mbili zisizo na Kiswahili, azitafsiri, azitetee mbele ya jopo, kisha kazi yake ipelekwe kwa watengenezaji badala ya kabatini. Nimelipendekeza hili kwenye vikao viwili. Mara zote mbili niliambiwa niliandikie pendekezo, na mara zote mbili niliandika.

Siku ile pale Maili Moja, kijana alipomaliza kuchapa kurasa zake, mwenye duka alimwomba aiache ile programu kwenye mashine. Kunakili folda ile kulichukua muda mrefu. Mteja mwingine alikuja, akatolewa nakala ya kitambulisho, akaondoka. Ilipokamilika, dada yule aliifungua mwenyewe, akaisogeza kichele cha kipanya juu ya menyu, akasoma kwa sauti, "Faili. Hariri." Akacheka, akasema hiyo ni kama redio ya taifa. Kisha akahesabu kurasa za kijana, akamdai shilingi mia mbili kwa kila moja, bila punguzo.